Siku Niliyoulizwa Kama Dada Amekula

Mwezi uliopita nilikwenda Kasulu kwenye semina, nikatoka ukumbini kabla ya chai ya saa nne, na mpaka leo wenzangu wanadhani tumbo lilinisumbua. Waache wadhani hivyo. Wewe nitakwambia ukweli, kwa sababu jambo lenyewe nimekaa nalo miaka thelathini na ushee, na nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Semina ilikuwa yetu sisi washauri nasaha, watu ambao kazi yetu ni kukaa na mtu aliyefiwa, aliyeachwa au aliyekimbia kwao, tukamsikiliza mpaka aanze kujisikia mwenyewe. Mwezeshaji alikuwa kijana wa kutoka Dodoma, shati limenyooka, na siku hiyo alikuja na hadithi za Wayunani na Warumi wa kale. Nikajisemea moyoni, haya, tumeletewa miungu ya watu. Lakini alizisimulia vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisema watu wale hawakuwa na neno sonona wala neno kiwewe, kwa hiyo maumivu ya moyoni waliyapa sura na miguu, wakayaacha yatembee duniani. Akatupa ya kijana aliyeinama kwenye maji akaupenda uso wake mpaka akanyauka palepale ukingoni, na vijana waliokaa nyuma wakachekana na simu zao mikononi, mmoja akasema, "Noma, huyo mimi kabisa." Akatupa na ya mwanamuziki aliyeruhusiwa kumtoa mkewe kuzimu kwa sharti asigeuke nyuma, akageuka. Hapo hakucheka mtu. Nusu ya ukumbi ule ni watoto na wajukuu wa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi, na hayo ya kugeuka nyuma tunayajua.

Kisha akaanza ya mama wa nafaka, na mimi nikaweka kalamu chini.

Labda unaijua. Mama aliyeotesha mazao yote ya dunia alikuwa na binti mmoja. Siku moja binti anachuma maua, ardhi ikapasuka, mfalme wa kuzimu akatoka akamchukua. Mama akazunguka dunia nzima akimtafuta, na kwa uchungu akakataa kuotesha chochote, mbegu zikaozea udongoni. Watu walipokaribia kufa kwa njaa, mkubwa wa miungu akaamua binti arudishwe, ila kwa sharti moja: awe hajala kitu kule chini. Naye alikuwa amekula punje chache za komamanga. Ndiyo maana, alisema mwezeshaji, binti hukaa na mama sehemu ya mwaka na dunia ikachanua, kisha hurudi kwa mume na dunia ikakauka. Akatueleza maana yake kwa watu wa leo: mama anayeshindwa kumwachia mtoto, binti anayekuwa mtu wa nyumba mbili, majonzi yanayokuja na kuondoka kwa majira. Halafu akapita kiti kwa kiti akiuliza kila mtu amejiona nani ndani ya hadithi. Mama, wakajibu wanawake. Mama. Binti. Mama. Zamu ilipokaribia kiti changu nikabeba mkoba wangu nikatoka. Mwezeshaji alikuwa amemsahau mtu mmoja. Yuko aliyeona komamanga ile ikiliwa, naye alikwenda akasema.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu ni Murungu, wilaya ya Kibondo. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali mbichi, nyuma yake migomba, mbele yake shamba la mahindi na maharage linaloteremka mpaka kijitoni. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni mpaka saa tatu, na kitu cha kwanza kusikia ulikuwa mchi wa jirani akitwanga muhogo. Baba alikuwa Tabora kwenye tumbaku, anakuja mara moja kwa mwaka na sukari na hasira. Nyumbani tulibaki mama, bibi mzaa mama, dada na mimi. Bibi alivuka kutoka Burundi akiwa na mama mgongoni, na watoto wengine wawili aliowashika mikono hawakufika. Hakulisimulia jambo hilo. Lakini kila jioni kabla ya kufunga mlango alituhesabu kwa kidole, hata tukiwa wanne tu ndani, yeye mwenyewe akiwa mmoja wetu.

Mama alirithi woga ule akaufanya sheria. Sheria ya kwanza: mtoto wangu hali kwa watu. Si kwa jirani, si msibani, si kanisani baada ya ibada. Wewe wa pwani utaona ni uchoyo wa kukataa ukarimu. Huku kwetu sumu iliogopwa kuliko simba. Mtu akikukaribisha pombe ya ndizi hunywa yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Akikuletea chakula humega kwanza. Mwenye nyumba ndiye anayeonja, ili mgeni ale kwa amani. Lakini mama hata kuonja hakukuamini. Nikirudi kutoka popote aliniita, "Lete mikono," akaninusa vidole kimoja kimoja. Akikuta harufu ya chumvi ya watu, siku hiyo utachapwa mpaka ulalie ubavu mmoja. Ukiniuliza mama yangu alinipendaje, nitakwambia alininusa.

Dada alikuwa wa miaka ishirini hivi, mimi kumi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anafundisha watoto wa shule ya Jumapili, na alikuwa na kicheko kikubwa ambacho bibi alikikemea kila siku. Mimi nilikuwa mkia wake. Akienda kijitoni nipo, akienda kusaga nipo, akisuka nywele nashika kioo. Mama akimtazama dada uso wake ulilegea, akinitazama mimi unakaza tena. Sikuona wivu, usinielewe vibaya. Mimi mwenyewe nikimtazama dada nililegea.

Darasa la nne tulikuwa na mwalimu mmoja mrefu, mwenye kikohozi, aliyekuwa na kitabu kisicho na jalada. Ijumaa kipindi cha mwisho alikifungua akatusimulia, anafasiri papo hapo. Warumi tuliwajua, maana mchungaji alisoma waraka wao mara kwa mara. Hatukujua kwamba kabla ya kuandikiwa barua walikuwa na mambo yao. Mwalimu alisema hadithi zilianzia kwa Wayunani, Warumi wakazichukua wakabadilisha majina. Majina yenyewe hatukuyaweza, kwa hiyo aliwaita Mama wa Nafaka, Binti, Mfalme wa Chini. Mzee mmoja wa kanisa alikuja shuleni kulalamika kuwa watoto wanafundishwa mizimu ya Wazungu. Mwalimu akamjibu mbele yetu, "Mzee, hawa si wa kuabudiwa. Ni wa kufikiriwa."

Ijumaa ile alitufikisha pale kwenye sharti. Akasema, kama Binti hajatia kitu mdomoni kule chini, atarudi kwa mama yake, na kama amekula, basi. Kengele ikalia. Tukapiga kelele amalizie. Akafunga kitabu akasema tutamalizia wiki ijayo.

Kesho yake, Jumamosi, dada alikwenda mnadani kuuza ndizi, hakurudi.

Jua lilipozama mama alikuwa ameshakwenda barabarani mara nne. Bibi alituhesabu, kidole kikasimama kwa watatu. Habari zikaja kwa vipande. Wengine walisema vijana wawili wa Kasulu walimkamata wakamtia kwenye baiskeli analia. Jirani yetu, mwanamke asiyejua kunyamaza, akasema kwa masikio yake hakusikia kilio chochote. "Alikaa kwenye keria mwenyewe, na mwavuli kaufungua mwenyewe," alisema. Mama akamrukia, bibi akawaamua. Kuanzia pale tulikuwa na visa viwili vya dada mmoja ndani ya nyumba, na hakuna aliyethubutu kuuliza kipi ndicho. Mama alisema, "Wamemteka mwanangu," akarudia na kurudia, mpaka ikawa vigumu kusema kingine.

Jumapili ikajulikana yuko Kasulu, kwa kijana fundi baiskeli, kwa mama yake kijana. Baba mkubwa akaitwa kutoka Busunzu. Wakakaa na bibi wakazungumza Kiha kwa sauti ya chini, mimi nyuma ya mlango masikio yote nje. Bibi alisema mambo bado hayajaharibika. Kwa kawaida ya watu wake, msichana aliyechukuliwa hivyo, kama hajala chakula cha nyumba ile, bado ni mgeni, anachukuliwa anarudi kwao na hakuna neno. Akishakula, amekuwa mtu wa pale, na wazee hawana la kufanya ila kukaa chini kuzungumza ndoa. Baba mkubwa akasema, "Mpaka tufike ni siku tatu, mtu asile?" Bibi akasema, "Namjua mjukuu wangu."

Rafiki yangu, fikiria mtoto wa miaka kumi anasikia hayo, na Ijumaa tu amesikia yale. Niliamini ardhi imepasuka kwetu. Niliamini yule mwalimu alijua, na kwamba kengele ililia makusudi.

Jumanne alfajiri tukaondoka watatu: baba mkubwa, bibi na mimi. Mama hakuruhusiwa, kwa desturi yao mama wa msichana hakanyagi kule kabla ya mambo kuisha. Alisimama mlangoni na mbegu za maharage ndani ya ungo, maana mvua ilikuwa imeshaanza na wenzetu wote walikuwa wanapanda. Mimi nilichukuliwa kwa kazi maalumu, na bibi alinieleza njiani. "Mwana wanje, mwanangu, sisi wakubwa tutakaa uani na maneno yetu. Jikoni hatuwezi kuingia. Wewe mtoto utaingia, hakuna atakayekuangalia mara mbili. Angalia tu. Halafu nitakuuliza mbele yao, na wewe utasema ulichokiona. Watu wazima tunadanganyana, mtoto hatumwombi ila ukweli." Nikaitikia. Nilijiona nimepewa dunia.

Tulipanda lori la maharage kutoka Kibondo. Barabara siku hizo ilikuwa udongo mtupu, na katikati ya safari lori likazama mpaka mhimili. Tukashuka, wanaume wakakata matawi, wanawake tukakaa kando ya njia kwenye manyunyu. Viazi tulivyobeba vikaisha pale. Mimi nilikuwa nikilitazama jua kila mara. Kila saa inayopita, nilifikiri, dada anazidi kusikia njaa. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, asile, Bwana, asile, mpaka dereva akaniuliza kama naumwa.

Tulifika Kasulu saa kumi jioni, jua kali baada ya mvua, tumbo langu linaunguruma. Uani kulikuwa na mikeka na vigoda, watu wa pale sita na sisi watatu. Salamu zilichukua muda mrefu, kila mmoja anauliza habari za ng'ombe asiokuwa nao mwenzake. Bibi akanisukuma kidogo mgongoni. Nikazunguka nyumba, nikaingia jikoni.

Dada alikuwa amechuchumaa anasonga ugali wa muhogo. Aliponiona mwiko ulisimama. Alinivuta akanikumbatia na mkono mmoja, na nikasikia mbavu zake. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka.

"Umekula?" nilimwuliza, hata shikamoo sikumpa.

"Sijala."

"Kabisa?"

"Maji tu. Mama yuko salama?"

Moyo wangu ulipiga vigelegele. Alikuwa hajala! Nilikuwa nimeshinda, tumeshinda sote, kilichobaki ni kutoka nje kusema. Hapo akaingia mama yake kijana, mwanamke mnene mpole, akaweka chini sahani ya ugali na sombe, kisamvu cha huku kwetu, iliyoungwa mawese. "Mtoto ale kwanza, wakubwa wana maneno mengi," akasema, akatoka.

Sombe ile ilikuwa inang'aa. Sijawahi kuona chakula kama kile kabla wala baada. Nikarudi nyuma mpaka ukutani nikasema, "Mama amesema nisile kwa watu."

Dada akacheka, kile kicheko chake chote. Akasema, "Una njaa wewe, nakusikia tumbo hapa." Nikatikisa kichwa. Akanitazama. Kisha akamega tonge, akalichovya, akaliweka mdomoni, akatafuna polepole mbele yangu, akameza. Koo lake nililiona likipanda na kushuka. "Unaona? Hakuna kitu. Nimeonja mimi. Kula, mdogo wangu."

Nikala. Nilikula mpaka nikalamba sahani. Na wakati nalamba, ndipo nikaelewa alichokifanya, nikainua macho, naye alikuwa ameshasimama mlangoni, mwiko mkononi, kwa sababu nje walikuwa wananiita.

Nikatoka uani. Watu wote wanane wakageuka. Dada alisimama nyuma yangu pale mlangoni, kama hatua tano kutoka kwa bibi. Bibi akasema kwa sauti ya kutetemeka kidogo, "Mwana wanje, umekuwa humo ndani. Umemwona dada yako akila?"

Nikageuka nikamtazama dada. Alikuwa ananitazama macho makavu, makubwa, na sikujua yanasema nini. Yalikuwa yanasema sema ndiyo, au yanasema sema hapana? Ningeweza kusema ukweli wote: bibi, hakula siku tatu, ameonja tonge moja ili mimi nile. Maneno yalikuwepo. Lakini ukweli wote ulikuwa na mimi ndani yake, na sahani niliyoilamba. Mama angejua. Mama angesema lete mikono. Aibu iliyoje! Hicho ndicho nilichokiogopa, rafiki yangu, maisha ya dada yangu niliyapima na kunuswa vidole.

Nikasema, "Nimemwona. Amekula."

Mama yake kijana akapiga kigelegele kimoja kifupi. Baba mkubwa akashusha pumzi akasema, "Basi, tukae." Bibi akajitanda kanga kichwani mpaka usoni. "Nta kundi," alisema, hakuna namna, na sauti yake haikutetemeka tena. Nilipogeuka mlangoni hapakuwa na mtu. Dada alikuwa amerudi kwenye ugali.

Nyumbani tulifika Alhamisi. Mama aliona tuko watatu, akauliza jambo moja tu, "Nani aliona?" Baba mkubwa akanielekeza kidevu. Nikanyoosha mikono yangu mbele, nilikuwa nimeshaiosha kijitoni mara mbili kwa mchanga, nikangoja. Mama akaitazama ile mikono, akanipita, akaingia chumbani akalala. Hakuninusa siku ile. Hakuninusa tena maisha yake yote.

Ijumaa mwalimu akafungua kitabu. Akasema, haya, tulifika kwenye sharti. Akasema Binti alikula punje za komamanga, na kule chini alikuwepo mtunza bustani, aliyemwona, akaenda akasema mbele ya miungu, nimemwona, amekula. Na Mama wa Nafaka kwa hasira akamgeuza bundi, ndege wa mikosi, asiyetakiwa na mtu juu ya paa lake. Darasa zima likacheka, likaiga mlio wa bundi. Mimi nilisimama bila ruhusa nikakimbia, nikatapika nyuma ya choo cha walimu. Mwalimu alinifuata akanipa maji. Hakuuliza kitu, akakohoa tu pale pembeni mpaka nikatulia.

Mwaka ule mama hakupanda. Ungo wa mbegu ulibaki pale pale chini ya dirisha, maharage yakatobolewa na wadudu. Bibi na mimi tulipanda kipande karibu na kijito, tumechelewa, kikaliwa na magugu. Majirani walituletea unga, na mama, yule yule aliyetukataza chakula cha watu, akaula bila kuuangalia. Hapo niliogopa kuliko siku zote. Walimwombea, wakamchanja, wakasema karogwa. Mimi peke yangu nilijua anaumwa nini, maana nilikuwa nimefundishwa shuleni, na nilijua pia dawa yake itakuja lini. Ikaja kama ilivyoandikwa. Mvua ya mwaka uliofuata dada alipanda gari akaja kutusaidia kupanda, tumbo limeshajitokeza, akakaa wiki tatu, na mama akanyanyuka kitandani akashika jembe. Alipoondoka, mama akarudi kulala. Ikawa hivyo miaka na miaka. Tulijua majira ya mama kama tunavyojua ya mahindi.

Watu huniuliza kwa nini nimechagua kazi hii. Huwa nawajibu majibu ya semina. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kama bundi anaweza kurudi kuwa mtu. Nimekaa na akina mama wengi ambao binti zao wameondoka, wa kambini na wa mjini, na nimewasimulia hadithi ile, wakalia, wakapona kidogo. Mwisho wake sijawahi kuwapa. Mama yangu alifariki mimi nikiwa chuoni. Siku zake za mwisho alinishika mkono akauweka shavuni, na nikadhani sasa atasema, hakusema.

Basi siku ile ya semina nilitoka ukumbini nikaenda moja kwa moja kwa dada. Anaishi Kasulu bado, nyumba sasa ya bati, mume wake ana karakana ya pikipiki. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage.

"Mbona mapema? Semina imekufa?"

Nikavua viatu nikakaa. Nikashika ganda la maharage, nikaliacha. "Dada," nikasema, "siku ile tulipokuja kukuchukua. Uliponitazama pale mlangoni. Ulitaka niseme nini?"

Mikono yake haikusimama. Nikamwambia yote, sikujipa nafasi ya kupumua: kwamba nilificha kuwa alionja kwa ajili yangu, kwamba niliogopa mama ataninusa, kwamba nilimwuza kwa ugali. Nilipofika hapo nikalia kwa sauti, kuku wakakimbia.

Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Ulidhani ulificha? Mdomo wako wote ulikuwa mawese mpaka puani. Kila mtu pale uani aliona kuwa wewe ndiye uliyekula."

"Hata bibi?"

"Bibi ndiye aliyekufuta. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Miaka yote hiyo, na jambo hilo nilikuwa nimelisahau.

"Wewe sijawahi kukulaumu," dada akaendelea. "Ulikuwa mtoto, ulisema ulichokiona. Kinachonirudia mimi ni kingine. Walikuwa watu wazima wanane pale, wanane, na wewe. Mimi nimesimama hapo mlangoni, wananiona. Wakamwuliza mtoto kama nimekula. Hakuna hata mmoja aliyenigeukia mimi akaniuliza, wewe, unataka kurudi kwenu?"

Kazi yangu, rafiki yangu, ni kuuliza. Nimewauliza wageni mamia maswali ambayo ndugu zao hawakuwauliza, nimelipwa kwa hilo, nimepewa vyeti. Dada yangu sikuwahi kumwuliza. Hata siku ile kwenye mkeka sikuja kumwuliza yeye, nilikuja kuuliza habari zangu.

"Nikikuuliza sasa?" nikasema. "Ungejibuje, siku ile?"

Hapo mikono yake ikasimama. Akatazama upande wa karakana, mume wake alikuwa anapiga nyundo na kuimba, mtu mwema, hajawahi kumpiga wala kumlaza njaa. Akatazama maganda ya maharage mapajani mwake.

"Siku ile jibu nilikuwa nalo," alisema. "Nilikuwa nalo hapa," akagusa koo lake. "Nangoja tu mtu aulize. Mwaka wa kwanza nilingoja. Nikija kupanda kwa mama nasema, leo ataniuliza. Nikajifungua, nikangoja. Sasa nina wajukuu, mdogo wangu. Nalitafuta, silioni. Wallahi nakwambia, kama asemavyo jirani yangu wa dukani, sikumbuki tena kama lilikuwa ndiyo au hapana."

Akachukua ganda jingine.

Barabara ya kwenda Kibondo siku hizi ina lami, lori halizami. Nyumba ya Murungu ilianguka, migomba imeota mpaka palipokuwa chumba cha mama. Watoto wa dada wanakula popote wanapokaribishwa na hakuna anayewanusa. Mwalimu hayupo, bibi hayupo, na hayo yote yaliyopotea naweza kukusimulia, kama nilivyokusimulia, na kwa kiasi fulani yakarudi. Lile jibu lilikuwa na mtu mmoja tu duniani. Tulimwacha nalo mlangoni, tukazungumza ndoa, na likampotea.